Mkono Mrefu wa Serikali na Kibanda Umiza cha Chake

Wadau, kibaraza hiki kimeota majani, najua. Lawama nazipokea zote. Kazi ya gazeti inakula mchana kutwa, na usiku unaobaki mtu anataka alale kama watu wengine. Leo nimejikaza kuandika kwa sababu kuna jambo limenikaa kichwani tangu tarehe 13 Januari 2025, siku ya fainali ya Kombe la Mapinduzi pale Gombani.

Waliokuwepo wanaijua siku ile. Ilikuwa kama Pemba nzima imehamia Chake Chake. Mwaka ule mashindano yalichezwa na timu za taifa badala ya vilabu, na Zanzibar Heroes wetu walikutana fainali na Burkina Faso. Langoni nilipapaswa mara mbili na askari wawili tofauti, nikavuliwa mkanda, na kalamu yangu ikafunguliwa kuangaliwa kama ina kitu ndani. Sikukasirika, maana nilikuwa nataka kuingia tu. Tukashinda 2-1, na kelele zilizofuata nadhani zilisikika mpaka Tanga.

Wakati wa kurudi nilipita kwenye kibanda umiza anachopenda ami yangu. (Kwa wadau walioondoka Bongo zamani: kibanda umiza ni kile chumba cha mabati na mabenchi ambamo unalipa kiingilio kidogo uangalie mpira kwenye runinga, na unatoka mgongo ukiuma.) Kile cha ami kina mlango mmoja tu, na siku ile watu walikuwa wamebanana humo kama dagaa. Nikamsimulia jinsi nilivyopekuliwa. Akacheka.

"Yakhe, kule askari wamejaa tele, na hapa hakuna hata wa dawa."

Kisha akaniuliza swali ambalo ndilo limezaa makala hii. "Na wewe si mwandishi, mwanangu? Mbona sijakuona kuandika kwamba katika wale waliochukuliwa na Wamarekani kwa mambo ya mabomu, mmoja kazaliwa hapa hapa kisiwani?"

Nilikuwa nalijua jina tu. Mimi nimezaliwa 1998, mwaka wenyewe wa mabomu, kwa hiyo mambo hayo kwangu ni historia. Nikaanza kusoma hukumu za mahakama usiku, moja inanipeleka kwa nyingine. Kutoka Pemba zikanifikisha Cape Town, New York, Kampala, Nairobi na Arusha, na mwisho zikanirudisha kwenye mpira. Na mpira wenyewe unakuja: tarehe 27 Septemba 2023 CAF iliwapa Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja uenyeji wa AFCON 2027. Nchi tatu zitalinda mashindano mamoja. Nchi hizo hizo tatu zimeshawahi kushirikiana kuhusu bomu lililolipuka wakati wa mpira, na jinsi zilivyoshirikiana ndiyo habari yangu.

Tuanze na mtu wa Pemba.

Khalfan Khamis Mohamed alizaliwa Pemba mwaka 1973 na kukulia Kidimni, Unguja. Akaenda Dar es Salaam kufanya kazi kwenye duka la ndugu yake, na huko akaingia kwenye kundi lililokuja kujulikana dunia nzima. Yeye ndiye aliyekodi nyumba kule Ilala ambamo bomu lilitengenezwa. Tarehe 7 Agosti 1998 gari lililobeba bomu hilo lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani, Dar. Watu 11 wakafa, na hakukuwa na Mmarekani hata mmoja kati yao. Nairobi, ndani ya dakika zile zile, walikufa watu 213.

Wakubwa wa kundi walikuwa wameshaondoka kabla. Yeye aliondoka siku iliyofuata, kwa njia ya nchi kavu kupitia Msumbiji mpaka Afrika Kusini, akiwa na pasipoti yenye jina la Zahran Nassor Maulid. Cape Town akaomba hifadhi ya ukimbizi kwa jina hilo hilo, akapewa kibali cha muda, akawa anafanya kazi kwenye mkahawa wa baga. Alikaa hivyo mwaka mmoja. Halafu kachero mmoja wa FBI, aliyekuwa anapekua mafaili ya waomba hifadhi akimtafuta mtu mwingine, akaiona picha yake.

Tarehe 5 Oktoba 1999 alikwenda ofisi ya uhamiaji kuongeza muda wa kibali, akakamatwa hapo hapo. Hakupelekwa kwa hakimu. Baada ya siku mbili hivi alikuwa New York.

Sasa hapa naomba mnivumilie kidogo, maana hapa ndipo penye utamu. Afrika Kusini na Marekani zilikuwa zimetia saini mkataba mpya wa kurejeshana watuhumiwa tarehe 16 Septemba 1999, siku 19 tu kabla ya kukamatwa kwake. Mkataba ule ulikuwa na kifungu kinachoruhusu nchi kukataa kumtoa mtu bila ahadi kwamba hatanyongwa. Wino haujakauka, na mtu akasafirishwa kama mkataba haupo. Serikali ya Afrika Kusini ikasema haikumkabidhi kwa mtu, ilimfukuza nchini tu kama mhamiaji haramu. Lakini sheria yao ya wakati ule haikumruhusu ofisa kumfukuzia mtu nchi yoyote aipendayo. Mtanzania anafukuziwa Tanzania. Marekani haikuwa kwao wala haikuwa alikotokea.

Kesi ikafika Mahakama ya Katiba, Johannesburg, na hukumu ikatolewa tarehe 28 Mei 2001. Majaji wote walikubaliana: kilichofanyika ni kinyume cha katiba, jina lolote utakalokipa. Nchi iliyofuta adhabu ya kifo haiwezi kumtoa mtu mikononi mwake aende kukabiliana na kifo bila kudai ahadi kwanza. Serikali ilidai kwamba mwenyewe alikubali kwenda Marekani. Mahakama ikajibu kuwa kukubali kwa mtu aliyenyimwa wakili si kukubali. Ikataja pia kwamba Ujerumani ilikuwa na mtuhumiwa wa kesi hiyo hiyo, ikadai ahadi ya kutonyongwa, Marekani ikaitoa, na mtu akakabidhiwa. Yaani njia halali ilikuwepo na ilikuwa wazi! Afrika Kusini haikunyimwa ahadi ile, maana hata kuiomba haikuiomba.

Majaji wakaamuru nakala ya hukumu ipelekwe haraka kwenye mahakama ya New York. Kesho yake, 29 Mei, jopo la raia 12 huko likamtia hatiani. Julai jopo hilo hilo likashindwa kukubaliana kuhusu kifo, na kwa sheria yao jopo lisipokuwa na kauli moja mtu hanyongwi. Amefungwa maisha.

Nilipomsomea ami habari hii aliguna. "Mtu kaua watu kumi na moja, na nyinyi mnahangaika na karatasi?"

Ni swali la haki, na sikulijibu pale pale. Mimi sina machozi ya kumlilia Khalfan Khamis Mohamed. Ushahidi dhidi yake ulikuwa mzito na alikuwa na wakili kule alikofika. Ila nilitaka kujua karatasi hiyo anayoidharau ami inafanya kazi gani hasa. Nikawafuata Wazanzibari wengine wawili wa kesi ile ile ya Dar.

Wa kwanza alishtakiwa nyumbani. Rashid Saleh Hemed alikaa mahabusu miaka sita, na Desemba 2004 Mahakama Kuu ya Dar es Salaam ikamwachia huru kwa sababu upande wa mashtaka haukuthibitisha kesi. Nani aliizungumza kesi hii? Karibu hakuna. Wengi wa rika langu hawajui hata kama kuna mtu alishtakiwa Tanzania kwa bomu la Dar.

Wa pili ni Ahmed Khalfan Ghailani. Huyu alikamatwa Gujrat, Pakistan, Julai 2004, akatiwa kwenye magereza ya siri ya CIA, akahamishiwa Guantanamo Septemba 2006, na Juni 2009 akafikishwa New York. Alikuwa na mashtaka 285. Shahidi mkubwa wa serikali alikuwa Mtanzania ambaye angesema kwamba alimuuzia mshtakiwa baruti. Oktoba 2010 Jaji Lewis Kaplan akamkataa shahidi huyo, kwa sababu serikali ilimjua kupitia maneno yaliyotolewa kwa Ghailani kwa nguvu ndani ya magereza yale. Tarehe 17 Novemba 2010 jopo likamkuta na hatia kwenye shtaka moja. Moja kati ya 285. Hilo moja lilitosha kumfunga maisha, lakini mauaji ya watu 224 hayakuthibitishwa dhidi yake hata moja.

Hilo ndilo jibu nililompelekea ami. Ukiiruka karatasi, mwisho wa safari ni hakimu ndiye anayekudai.

Sasa tuingie uwanjani.

Wakati jaji wa New York anajiandaa kusikiliza kesi hiyo, mwaka huo huo wa 2010, Kombe la Dunia lilikuwa Afrika kwa mara ya kwanza. Afrika Kusini haikufanya mchezo na ulinzi. Interpol ilituma timu yake, polisi wa nchi zilizofuzu walikuja na maofisa wao, taarifa za wahuni wa mipira zilibadilishana mikono mpaka viwanja vya ndege. Kuna waliosema mwanzoni kwamba Afrika haitaweza. Iliweza. Tarehe 11 Julai Soccer City ilijaa, Mandela alipitishwa uwanjani akipunga mkono, Hispania na Uholanzi zikacheza, na kila aliyeingia alitoka salama.

Waliokufa kwa fainali ile walikuwa umbali wa kilomita karibu 3,000 kutoka hapo. Walikuwa Kampala, wamekaa kwenye viti vya plastiki wakiangalia skrini.

Bomu la kwanza lililipuka kwenye mkahawa wa Ethiopian Village, Kabalagala. Baadaye yakalipuka mawili kwenye klabu ya ragbi ya Kyadondo, ambako skrini kubwa ilikuwa imesimamishwa na umati umejaa, mpira ukikaribia dakika ya 90. Iniesta alifunga kwenye muda wa nyongeza, na wengi wa waliokuja kuangalia hawakuliona bao lile. Mashtaka yalihesabu watu 76 waliouawa. Al-Shabaab wakasema ni wao, kwa sababu ya majeshi ya Uganda yaliyoko Somalia. Kumbukeni kwamba kule Somalia mwaka huo makundi ya wapiganaji yalikuwa yamepiga marufuku watu kuangalia Kombe la Dunia.

Na haikuishia Kampala. Tarehe 24 Juni 2012, Mishomoroni, Mombasa, watu walikuwa baa ya Jericho wakiangalia Uingereza na Italia kwenye Euro. Guruneti likarushwa, watu watatu wakafa. Hapo ubalozi wa Marekani ulikuwa umeshawatahadharisha raia wake waondoke Mombasa. Tahadhari ilikuwa sahihi kabisa, ila ilikuwa ya wenye pasipoti ile. Mtu wa Mishomoroni aondoke aende wapi? Tarehe 15 Juni 2014 wapiganaji waliingia Mpeketoni, Lamu, usiku ambao watu walikuwa kwenye kumbi za video wakiangalia Kombe la Dunia la Brazil. Kwa siku mbili pale na vijiji vya jirani waliuawa watu zaidi ya 60.

Hebu angalieni orodha hiyo tena. Kampala, Mombasa, Mpeketoni. Hakuna uwanja hata mmoja humo. Ni mkahawa, baa, ukumbi wa video. Ndugu zetu wa Uganda, kwa taarifa yenu, nao huita ukumbi wa video "kibanda".

Turudi Kampala, kwa sababu kilichofuata baada ya mabomu ndicho kinachoniunganishia na Pemba.

Kazi ya polisi ilianza vizuri. Makindye, kwenye disko, ulipatikana mzigo mwingine wa mabomu ambao haukulipuka, na pamoja nao simu. Simu ile ikafuatiliwa namba kwa namba, ikavuka mpaka. Kenya ikasaidia, FBI wakaja, Tanzania nayo ikawa na raia wake kwenye orodha ya watuhumiwa. Huo ndio ushirikiano unaotakiwa, na nasema hivyo bila kejeli. Tena kulikuwa na chombo cha kuuendesha: EAPCCO, umoja wa wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki, uliundwa Kampala mwaka 1998, mwaka ule ule wa mabomu ya balozi. (Hawa jamaa wana hata mashindano yao ya michezo, yalianza Kampala 2017. Sijawahi kuyaona. Natamani.)

Lakini Kenya ina sheria ya kurejesha watuhumiwa kwa nchi jirani. Inasema mtu afikishwe kwa hakimu wa Kenya kwanza, hati ya kukamatwa ikaguliwe, naye apewe nafasi ya kupinga. Ni jambo la siku chache tu kama kila mtu ana nia. Badala yake Wakenya kadhaa walikamatwa kati ya Julai na Septemba 2010, wakapakiwa magarini, wakavushwa mpaka. Familia zilikimbilia mahakamani Nairobi kutaka watu wao waletwe mbele ya jaji, na jaji anaambiwa mtu mwenyewe ameshafika Uganda. Mwisho wa Septemba Mahakama Kuu ya Nairobi ikasema wazi kwamba kumpeleka mmoja wao namna ile ilikuwa kinyume cha sheria. Ikasema, lakini mtu yuko Luzira.

Al-Amin Kimathi, mtetezi wa haki za binadamu wa Kenya, alikwenda Kampala mwezi huo kufuatilia kesi yao. Naye akakamatwa na kushtakiwa kwa ugaidi. Alikaa ndani karibu mwaka mzima, mpaka Septemba 2011 mashtaka yalipofutwa.

Kwa nani tena walalamike? Wakaenda Arusha. Mahakama ya Afrika Mashariki ipo kwa ajili ya mambo kama haya, nchi mwanachama inapovunja mkataba wa jumuiya. Saba kati yao walifungua shauri mwaka 2011 dhidi ya Kenya na Uganda. Chumba cha kwanza cha mahakama kiliamua Desemba 2011 kwamba kitalisikiliza. Serikali zikakata rufaa. Aprili 2013 chumba cha rufaa kikalitupa: mkataba unampa mlalamikaji miezi miwili tangu tendo lifanyike, na wao walichelewa. Someni sentensi hiyo polepole. Mtu amechukuliwa nchi yake usiku, amefungwa nchi nyingine, na anaambiwa kwamba angewahi kuleta karatasi!

Ami aliposikia hapa hakucheka. "Kumbe karatasi inatakiwa kwa mnyonge tu," alisema.

Uhalali wa kuvushwa kule ukabishaniwa pia kwenye Mahakama ya Katiba ya Uganda, na kesi kubwa ikasimama miaka. Ilianza kusikilizwa Machi 2015. Tarehe 30 mwezi huo huo mwendesha mashtaka mkuu wa kesi, Joan Kagezi, alipigwa risasi ndani ya gari lake akiwa na watoto wake. Mwanamke huyu alikuwa anafanya kile ambacho wenzake wa vikosi walikiona ni kupoteza muda: kupeleka ushahidi mbele ya jaji. Hukumu ilikuja tarehe 26 Mei 2016, karibu miaka sita baada ya fainali. Jaji Alfonse Owiny-Dollo aliwakuta wanane na hatia kati ya 13. Watano kati yao walipewa kifungo cha maisha. Waliobaki watano aliwaachia. Kabla hawajafika nyumbani walikamatwa tena.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi serikali zisishirikiane. Bila ushirikiano ile simu ya Makindye ingekuwa kipande cha plastiki. Ninachosema ni kwamba mara zote nilizozisoma, mahali serikali zilipokimbia hatua ya hakimu zilidhani zinaokoa siku nne, na zikalipa miaka minne, mitano, sita. Na katika haraka ile wasio na hatia wanaingia gari moja na wenye hatia, kwa sababu aliyekuwa awatenganishe ndiye aliyerukwa.

Hapa kwetu tumeuonja mtindo huo bila hata kuvuka mpaka wa nchi. Tanzania ilipitisha Sheria ya Kuzuia Ugaidi mwaka 2002, na mwaka 2014 viongozi na wafuasi wa Jumuiya ya Uamsho walichukuliwa Zanzibar, wakavushwa bahari, wakashtakiwa Dar es Salaam kwa sheria hiyo. Walikaa mahabusu miaka saba. Swali la kama watu waliokamatwa Zanzibar washtakiwe Zanzibar au Bara lilijadiliwa na mawakili mpaka likachosha. Juni 2021 mashtaka yakafutwa, Sheikh Farid Hadi na Sheikh Mselem Ali wakarudi nyumbani. Hakuna hukumu. Kama walikuwa na kosa hatukuambiwa, na kama hawakuwa nalo hatukuambiwa pia.

Mtu wa Bara akinisoma hapa huenda akasema Wapemba tunapenda kulalamika. Haya. Lakini ulizeni kwa nini. Tarehe 27 Januari 2001, wiki zile zile ambazo kesi ya Khalfan Khamis Mohamed ilikuwa inaanza New York, polisi waliwapiga risasi waandamanaji wa CUF Wete, Micheweni, Chake na Unguja mjini. Tume ya serikali yenyewe ilihesabu watu 31 waliokufa. Zaidi ya watu 2,000 walivuka kwa mashua kwenda Shimoni, Kenya, wakawa wakimbizi, nchi ambayo haijawahi kuwa na wakimbizi ikaanza kuwatoa. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka miwili. Mama anasema tulilala chini ya kitanda.

Sasa muweke mtu aliyekulia hapo, halafu mwambie: ukimwona kijana mgeni mwenye mzigo usioeleweka kwenye kibanda umiza, nenda kituoni ukatoe taarifa. Atakwenda? Labda. Kwanza atajiuliza atarudi saa ngapi. Atajiuliza pia huyo kijana, ikiwa hana kosa, atamwangaliaje mama yake. Wataalamu wa usalama wanapenda kusema kinga ya kwanza ni taarifa ya raia, na mimi nakubaliana nao kabisa. Ila taarifa ya raia haitoki kwa raia anayeamini kwamba mtu akichukuliwa hajulikani alikopelekwa. Kwa hiyo ile hatua ya hakimu inayoonekana ni anasa ya mawakili ina kazi mbili: inamlinda mtuhumiwa, na inamfanya jirani yake awe na ujasiri wa kufungua mdomo.

Agosti 2025 tuliona mazoezi ya 2027. Mashindano ya CHAN yalichezwa Kenya, Uganda na Tanzania kuanzia tarehe 2 hadi 30, ufunguzi Dar, fainali Kasarani, na kundi moja likachezwa Amaan, Unguja. Shukrani kwa Mungu hakukuwa na bomu. Shida kubwa ilikuwa Nairobi, mashabiki wasio na tiketi kuvamia mageti ya Kasarani, mpaka CAF ikapunguza idadi ya watu wanaoruhusiwa kuingia. Kwa hiyo tutegemee 2027 mageti yatakuwa magumu maradufu. Vizuri. Na ofisi za usalama za nchi tatu zitakuwa zinapigiana simu kila saa. Vizuri pia.

Ninachotaka mimi kama mwandishi ni kuona karatasi kabla mpira haujaanza. Mtuhumiwa akikamatwa Namanga au Busia usiku wa mechi, anafikishwa kwa hakimu wa nchi gani, ndani ya saa ngapi, na ndugu zake wanaambiwa na nani? Mzanzibari akikamatwa Unguja anashtakiwa wapi? Haya yanaweza kuandikwa kwenye kurasa mbili na kutangazwa. Mawaziri wetu wanakutana mara kwa mara, wanapiga picha, wanatoa taarifa ya pamoja. Kurasa mbili haziwashindi. Na ile miezi miwili ya Arusha nayo ingeangaliwa upya, angalau kwa mtu ambaye alikuwa kizuizini wakati saa ikihesabu.

Kuhusu vibanda, wiki iliyopita nilirudi kwa yule mwenye kibanda cha ami. Nilimkuta anapima ukuta kwa futi kamba. Anataka kuongeza runinga ya pili kwa ajili ya AFCON, kwa sababu wengi wa hapa nauli ya boti na tiketi ya uwanjani hawataviweza kwa pamoja, wataangalia kwake. Anahesabu watu 200 kwa mechi ya Taifa Stars. Nikamuuliza kama kuna ofisa yeyote amewahi kuja kuzungumza naye habari za usalama.

"Wa kodi alikuja," akasema.

Nikamuuliza kuhusu mlango wa pili. Akaniangalia, akauangalia ukuta wa nyuma, akanyoosha ile futi kamba tena na kuniomba nimshikie upande mmoja.